Mwenzangu wa Kuingia Naye Kilioni

Simu ilinikuta Misisi, ninakowapikia wachimba dhahabu. Baba amefariki, walisema watu wa nyumbani, na kwa joto la ziwani hawangeweza kuningoja. Wangemzika kesho yake. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara ya Fizi. Nilipofika Baraka, baba alikuwa ameshazikwa kijijini kwetu Swima bila mimi, mtoto wake wa pekee.

Kutoka Baraka nilipanda pikipiki ya kwenda Swima. Mnyororo ukakatika, dereva akakuna kichwa na kuniambia nisubiri. Nimesubiri sana maishani. Nikajitwika kifurushi changu nikaendelea kwa miguu, nimechoka hoi, matope mpaka magotini, nimemkasirikia kila mtu, hata marehemu mwenyewe kwa kufa wakati wa mvua.

Lakini kilichonitisha hakikuwa safari. Kwetu mtoto wa marehemu akitoka mbali haingii kilioni peke yake, wala kimya. Huanza kulia tangu njiani, na wanaomsindikiza hulia naye, ili walioketi uani wasikie, wainuke wampokee. Anayeingia peke yake na macho makavu atasemwa mpaka azeeke. Mimi sina mume, sina ndugu, na tangu Misisi sikuwa nimetoa hata chozi. Shangazi zangu nawajua. Wangesema baba ameacha jiwe.

Mwanamke mmoja alinifikia kwa nyuma, jembe begani, fungu la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, anarudi kambini baada ya kulima. Alinitazama miguu, kisha uso.

"Mama, unaenda wapi hivi?"

"Ku kilio. Baba yangu alikufa, bamesha kumuzika."

"Na benzako?"

"Siko na mutu."

Hakunipa hata pole. Tulitembea pamoja, nami nilishukuru, maana maneno yalikuwa yamenichosha kuliko matope. Tulipofika penye njia ya kwenda kambini, hakukata kona.

"Njia yako tumeipita," nikamwambia.

"Niliiona. Mutu haingiake ku kilio peke yake."

Tulipokaribia nyumbani niliona turubai uani na wanawake wamekaa chini. Nikafungua kinywa nilie. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, nikakohoa tu. Aibu ilinishika mpaka nikataka kurudi Baraka.

Yule mwanamke akaweka sombe na jembe kando ya njia, akakaza kitenge kiunoni, akaweka mikono kichwani.

"Baba! Baba weee! Umeniacha na nani?"

Akaangua kilio. Mara Kiswahili, mara Kirundi, huku anayumba. Nilidhani ananisaidia tu, lakini nilipomshika mkono nilisikia mwili wote unatetemeka. Hapo na mimi nikavunjika. Tukaingia tukilia, na ua wote ukainuka kutupokea.

Walitunawisha uso, wakatuketisha kwenye mkeka wa watoto wa marehemu, sisi wawili. Alikuwa bado anahema aliponinong'oneza: "Baba yangu naye alikufa kule Burundi nikiwa huku. Sikukuwa na pa kumulilia."

Nilisogea tu, akae vizuri.

Shangazi mkubwa alikuwa ameshaanza kutukagua. Huyo hata msibani macho yake hayapumziki. Alimtazama mgeni, akanitazama mimi, akajikokota mpaka karibu yangu. Nilijua anachowaza: kaka yake alikuwa na mtoto wa nje, na yeye hakuambiwa.

"Uyu ni mutoto wa nani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Ningemwambia ukweli, wangemwondoa kwa heshima zote, wakampeleka kule kwa wageni, akanywe chai. Mwenyewe alikuwa ameshasikia swali. Alianza kuinuka.

Nikamshika kitenge, nikamrudisha chini.

"Ni wa baba, shangazi," nikasema. "Tuko babili."