Chumba cha Kitanda cha Joto

Mtaani walimwita Mama Kufuli, kwa sababu jambo likishaingia masikioni mwake halitoki tena. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya mtaa. Alipiga deki, akafua mashuka, akamwaga ndoo. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, yeye ndiye aliyewachemshia maji. Maji yalitiwa kwenye chupa za plastiki, chupa zikaviringishiwa taulo, zikapangwa kumzunguka mtoto. Zikipoa, anachemsha tena. Wapo waliokua hivyo, na sasa wanapita nje ya geti wakienda shule. Wapo pia ambao chupa zilipoa birika likiwa bado jikoni.

Watu walipochoka kuzika, wakachanga. Kinyozi aliweka ndoo yenye mfuniko uliotobolewa kando ya kioo chake. Wauza mboga wakatoa, madereva wakatoa, hata fundi viatu, ambaye kila siku husema hana kitu, alitoa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa muuza nyama, kaka yake Mama Kufuli, mtu wa sauti kubwa na mwepesi wa hasira. Kikanunuliwa kitanda cha joto, kidogo kama meza ya kupigia pasi, na juu yake taa ya kumpasha mtoto moto. Stoo ya zamani ikapakwa rangi, ikatundikwa pazia, kitanda kikawekwa humo.

Lakini kamati haikuwaamini wakubwa wa hospitali. Feni waliyochangia zamani iliishia ofisini, inampepea karani.

"Safari hii hatupigwi chenga," alisema muuza nyama. "Chumba kinafungwa mpaka mgeni rasmi aje akate utepe, watu wote washuhudie. Ufunguo anakaa nao dada yangu. Huyo hata umbane na koleo, haachii."

Watu wakacheka. Mama Kufuli hakucheka. Aliufunga ufunguo kwenye ncha ya mtandio wake na kuahidi mbele yao. Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Kitanda kikabaki na nailoni yake, na Mama Kufuli akaendelea kuchemsha maji chumba cha pili.

Mchana mmoja akaletwa msusi wa pale kona, anatokwa jasho, mimba haijafika wakati wake. Alijifungua mtoto wa kike, mdogo mno, nesi alimbeba kwa kiganja na nusu ya mkono.

"Mama, ufunguo," nesi akasema.

"Mgeni hajaja."

"Mgeni ndiye huyu nimemshika."

"Niliahidi mbele za watu, binti yangu. Ngoja nimpigie kaka."

Kwenye simu lilisikika panga likigonga mfupa. "Anakuja Jumamosi, amethibitisha!" muuza nyama akapaza sauti. "Dada, usiniumbue. Akikuta kimeshatumika, atakata nini? Chemsha maji kama siku zote."

Akachemsha kama siku zote. Nesi akaweka kipimajoto kwapani mwa mtoto, akakisoma, akatikisa kichwa. Wakabadilisha chupa. Kipimajoto hakikupanda.

"Mbona halii?" msusi akauliza kutoka kitandani.

Mama Kufuli akagusa nyayo za mtoto. Zilikuwa baridi kama sakafu. Alishagusa nyayo za namna ile, na alijua kinachofuata. Alisimama kidogo, birika mkononi, kisha akaliweka chini na kuanza kufungua ncha ya mtandio.

Utepe wa mlangoni ulikuwa umekazwa kwa fundo la mtu aliyezoea kufunga ng'ombe. Kucha hazikufua dafu. Akaukata kwa mkasi wa bandeji, akafungua mlango. Nesi akabandua nailoni, akachomeka waya, wakasubiri taa ipate moto. Kisha mtoto akalazwa uchi chini yake, na kipimo cha joto kikabandikwa tumboni kwa plasta.

Habari zilimkuta muuza nyama buchani. Akaja na aproni yake yenye damu.

"Nani amekata?"

"Mimi," akajibu Mama Kufuli.

"Wewe! Wewe niliyekuaminia—"

"Punguza sauti, kaka."

"Nitamwambia nini mgeni? Na watu je? Watasema kitanda tumekifanya cha ukoo!"

"Waambie waje waone. Mmoja mmoja, na wavue viatu."

Muuza nyama akafungua mdomo kujibu. Chini ya taa mtoto akakunja mguu, akatoa sauti nyembamba, kama bawaba iliyokosa mafuta. Msusi, ng'ambo ya ukuta, akaisikia, akaanza kulia yeye. Nesi akainama kusoma namba.

"Inapanda," akasema. "Polepole, lakini inapanda."

Muuza nyama akamsogelea mtoto. "Mbona hamjamvika?" aliuliza, sasa kwa kunong'ona.

"Joto linaingia kwenye ngozi. Nguo italizuia."

"Kumbe." Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akiificha aproni kwa mikono.

Jioni watu walikuja kweli. Viatu vikajaa koridoni, na Mama Kufuli akawagombeza maana ndiyo kwanza alikuwa amepiga deki. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno, ingawa fundi viatu aliguna kwamba yeye alitaka picha na mgeni. Kamati ikakaa palepale kwenye benchi, ikakubaliana ufunguo ukae mezani kwa manesi.

Jumamosi mgeni rasmi alifika na suti yake. Nesi akamzuia mlangoni. Ndani msusi alikuwa anamnywesha mwanawe maziwa kwa kijiko, tone baada ya tone.

"Samahani mzee, subiri kidogo. Mtoto anakula."

Mgeni akaketi kwenye benchi, katikati ya kinyozi na muuza nyama, hotuba mapajani. Mama Kufuli akamwomba anyanyue miguu, apitishe fagio.