Mashimo Manne Chini ya Dirisha

Mara ya tatu mchoro wake ulirudi na swali lilelile pembeni, kwa kalamu nyekundu: Nani anaishi hapa? Alama hakuna, maelezo hakuna. Maneno matatu tu, kana kwamba kijana wa watu alikuwa ametumwa kuhesabu wapangaji badala ya kuchora ramani ya nyumba.

Alikuwa mwaka wa pili wa usanifu wa majengo, na mchoro huo haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa na ngazi ya kuzunguka, kuta za vioo kutoka sakafuni hadi darini, na bustani juu ya paa. Alikuwa ameutolea jasho wiki mbili nzima. Tuseme ukweli, ngazi aliichota mtandaoni, na bustani vilevile, lakini nani siku hizi hachoti? Wenzake walichota wakafaulu. Yeye tu ndiye aliyekabwa koo na mhadhiri wa studio, mama mmoja mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Bi Rula kwa jinsi alivyotembea wima.

"Mwalimu, nionyeshe kosa nirekebishe," alimwambia siku hiyo.

"Kosa sijaliona. Ila na mtu pia sijamwona." Bi Rula alikuwa anakusanya karatasi zake, hata hakuinua uso. "Nenda kapime chumba kimoja unachokijua, chenye watu wanaofanya kazi. Kaa humo siku nzima. Chora kila kitu mahali kilipo, nani anakaa wapi, mwanga unaingia saa ngapi na unamwangukia nani. Uniletee Ijumaa."

"Na nisipoleta?"

"Utarudia mwaka. Na ukirudia kwa mtindo huu, utatuachia kiti chetu akikalie mwingine."

Alirudi nyumbani amefura. Njia nzima alikuwa akimjibu Bi Rula majibu makali ambayo angefaa kumpa palepale, kama ilivyo kawaida ya majibu makali, huja mtu akiwa ameshafika kona ya tatu. Kapime chumba! Miaka yote ya kukesha na vitabu, mwisho wake ni kupima chumba kama fundi wa mazulia. Haya, basi. Kama anataka chumba, atapimiwa kichumba.

Kichumba chenyewe kilikuwa sebule ya kwao. Aliishi humo na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Sebule ilikuwa ndiyo duka, ndiyo chumba cha kulia, ndiyo maktaba. Chini ya dirisha pekee palikaa meza ya kijana na vitabu vyake. Kwenye kona ya mbali, ukutani kabisa, palikaa cherehani ya miguu, na shangazi nyuma yake, uso ukutani, mgongo dirishani. Mtaani walimwita kijana Profesa. Wengine walimaanisha sifa, wengine ni wale ambao hupenda kumvisha mtu kofia kubwa ili waione ikimfunika macho.

Jumanne asubuhi alianza kupima. Futi yake ya chuma alikuwa amemwazima rafiki, na futi ya kuazimwa ina tabia ya kuhama moja kwa moja, kwa hiyo akachukua ile ya shangazi, ya kitambaa. Ikawa vuta nikuvute.

"Lete futi yangu, nina mtu wa kumpima kiuno hapa."

"Dakika moja, shangazi."

"Dakika yako ina miguu mingi. Lete!"

Hata hivyo kila nusu saa shangazi mwenyewe alikuwa akimkatiza. "Profesa, njoo unitungie uzi." Ndivyo ilivyokuwa miaka na miaka: uzi ukikatika, shangazi anaita, na yeye anaacha alichokuwa akisoma, anakwenda huku akisonya moyoni, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, anarudi akiwa amesahau alipoishia. Mara nyingine alisonya kwa mdomo, na shangazi alijifanya hakusikia. Macho yangu yamezeeka, alizoea kusema. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Saa tatu jua liliingia dirishani likatua juu ya vitabu. Kijana akachukua chaki ya kushonea, akafuata mwanga sakafuni kwa mstari, kwa shingo upande, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Mstari ulipita chini ya kiti chake, ukavuka chumba, ukafika kwenye mgongo wa shangazi, ukaishia hapo. Mbele ya mgongo kulikuwa na kivuli, na katikati ya kivuli kulikuwa na mikono miwili, na sindano.

Hakuelewa mara moja. Penye miti hapana wajenzi.

Wakati huo jirani mmoja aliingia na suruali nyeusi ya kupunguzwa pindo. "Nyeusi mpelekee fundi wa sokoni," shangazi akamwambia. "Mimi nguo nyeusi niliachana nazo, siuoni uzi." Jirani akaondoka. Kijana akaingia chini ya meza yake kupima umbali wa dirisha kutoka sakafuni.

Huko chini, kwenye saruji, palikuwa na mashimo manne madogo, laini, kama yaliyochimbwa kwa kidole. Alikuwa ameweka miguu yake juu ya mashimo hayo tangu sekondari na hakuwahi kuyaona. Akayapima, maana alikuwa anapima kila kitu. Sentimita hamsini na sita kwa thelathini na mbili. Akatambaa hadi kwenye cherehani, akapima miguu yake ya chuma kutoka mguu hadi mguu huku shangazi akikanyaga.

"We mtoto, unatafuta nini miguuni kwangu?"

Hamsini na sita kwa thelathini na mbili.

"Shangazi, hii cherehani iliwahi kukaa pale dirishani?"

"Enhe. Mpaka ulipoanza sekondari. Si ulisema unataka meza penye mwanga?"

"Na mbona ukaielekeza ukutani?"

Shangazi akacheka. Hakikuwa kicheko cha kulaumu, na hicho ndicho kilichomkera kijana zaidi. "Umesahau? Ulisema nikikutazama unashindwa kusoma. Ukanuna siku mbili. Haya, kwa kuwa uko hukohuko chini, inuka unitungie uzi."

Akainuka akatunga.

Nisimsingizie: aibu aliiona, tena kubwa. Lakini juu ya aibu ikaja furaha, na furaha ikazidi nguvu. Alikuwa amepata kitu! Kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni alikuwa na kitu ambacho hakukichota popote. Akaketi dirishani akachora Jumanne jioni, Jumatano kutwa, Alhamisi kutwa. Alichora mstari wa jua, akapaka kivuli kwa penseli laini, akachora mikono ndani yake. Mashimo manne aliyaweka na vipimo vyake, na miguu ya cherehani na vyake. Akiitwa kutunga uzi alikwenda mbio, akarudi mbio, asije akapoteza mkono wa kuchorea.

Ijumaa Bi Rula aliutandaza mchoro mezani akainama juu yake. Kalamu nyekundu ilizunguka juu ya karatasi, ikashuka pembeni, ikaandika alama. Alama nzuri. Alikuwa amefaulu.

"Huyu mama ni nani?" Bi Rula akauliza.

"Shangazi yangu."

"Haya mashimo uliyaona lini?"

"Jumanne, mwalimu."

"Leo Ijumaa. Sasa hivi tunavyozungumza, amekaa wapi?"

Kijana akaitazama mikono aliyoichora kivulini.

"Palepale," alisema.

"Juzi na jana umekaa kwenye mwanga wake ukimchora alivyo gizani." Bi Rula alisema hivyo bila ukali wowote, akakunja mchoro, akamrudishia. "Umefaulu. Nenda."

Ungemwona njiani usingedhani ametoka kufaulu. Alikuwa na hasira kuliko siku zote tatu za kufeli, na safari hii hakuwa na mtu wa kumjibu. Alama alizozililia zilikuwa mkononi na hakutaka hata kuzitazama. Alifika nyumbani, hakusalimu, akaanza kubeba vitabu kutoka mezani na kuvitupa kitandani.

"Una wazimu?" shangazi akauliza. "Chuo kimekufanya nini?"

"Inuka kidogo, shangazi."

"Nina gauni la watu hapa!"

"Inuka, nakuomba."

Akaivuta meza hadi kona, akaikokota cherehani hadi dirishani. Miguu ya chuma iliingia kwenye mashimo yake yenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kulazimishwa. Shangazi alisimama na gauni mkononi.

"Na wewe utasomea wapi?"

"Pale ukutani."

"Pale pana giza, mwanangu."

"Nalijua hilo giza. Nimelipima."

Shangazi akamwangalia, kisha akaketi. Kijana naye akaenda kuketi konani, akafungua kitabu, na kichwa chake kikaangusha kivuli juu ya ukurasa wote. Akahama kulia, kivuli kikahama naye. Akahama kushoto. Akasonya, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

Nyuma yake kanyagio la cherehani lilikuwa likienda. Mara likanyamaza. Uzi umekatika, akajua, na akainuka nusu kabla ya kuitwa. Akangoja. Kanyagio likaanza tena. Akaketi. Baadaye likanyamaza mara ya pili, akainuka nusu tena, na likaendelea tena bila yeye.

"Profesa," shangazi akaita.

"Naam! Nakuja, nakuja kukutungia."

"Nimeshatunga. Nauliza tu, unaona huko?"

Kijana akakiinua kitabu karibu na pua.

"Naona, shangazi," akasema.