Mbwa wa Bwawani na Mkasi wa Kondoo

Baba mdogo alimchukia yule mbwa tangu siku aliyoshushwa kwenye gari.

"Huyu anakula nyama kila siku, sisi makande," alisema, akatema mate.

Alikuwa msimamizi wa shamba la maua pale Usa River, na ndiye aliyeniombea kazi ya kumtunza mbwa huyo. Kwa hiyo nilicheka kidogo, kumridhisha tu.

Mbwa mwenyewe alikuwa jitu. Mweusi, kichwa kama cha ndama, vidole vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata. Mama mwenye shamba alimleta kutoka ng'ambo baada ya mtoto wa jirani kuponea chupuchupu kwenye bwawa letu la kumwagilia, maana mbwa wa aina hiyo huvuta watu majini. Lakini alikuja mnene, amezoea kulala kwenye zulia. Mama akasema wazi: masika yakianza, bwawa likijaa, atamjaribu. Asipoweza kumvuta mtu hadi ukingoni, anaondoka.

Mimi nilikuwa nimeshaota tayari. Nilimwona ameokoa mtu, picha yake inazunguka kwenye simu za Arusha nzima, na mimi pembeni yake nina filimbi shingoni. Kuishia darasa la saba hakujawahi kunizuia kuota.

Alfajiri, kabla ya jua kali, tulipanda njia ya mlimani kati ya migomba, polepole, kwa sababu mbwa mzito ukimkimbiza unamuumiza viungo. Baadaye nikamfungia tairi la pikipiki alivute. Mwisho yakaja maji, kila siku mbali kidogo kuliko jana. Kiuno kikaanza kuonekana. Wafanyakazi wenzangu wakanizomea kutoka kwenye mabanda ya maua, "Mpeleke basi na kanisani apate kipaimara!"

Nilichopenda kuliko vyote ni manyoya yake. Ya juu marefu, yana mafuta kama mikono ya mkaanga chipsi. Ya chini ni sufu laini iliyobanana. Akitoka majini, ukipenyeza vidole mpaka kwenye ngozi unakuta pakavu kabisa. Na maji ya bwawa lile yanashuka na mfereji kutoka Meru, baridi yake inauma mpaka mifupa.

Siku moja ya joto nilirudi kutoka sokoni Tengeru nikamkuta amefungwa kwenye nguzo, uchi. Zamani baba mdogo alinyoa kondoo wa sufu kwenye shamba fulani, na mkasi wake alikuwa nao bado.

"Nimemsaidia," alisema. "Ulimi ulikuwa unafika chini. Kondoo ukimnyoa anaruka kwa furaha."

"Baba mdogo, huyu si kondoo! Hilo ndilo koti lake la majini!"

"Koti? Wewe una koti? Mimi nina koti?"

Wafanyakazi wenzangu wakacheka. Nikayakusanya manyoya kwenye kiroba huku nalia, sijui hata nilitaka kuyafanyia nini.

Mvua zikawahi. Nilimwomba mama mwenye shamba asubiri manyoya yaote tena, akanijibu kwamba mtoto anayezama hasubiri manyoya. Basi siku ya kumjaribu nikajitupa bwawani, nikapiga maji kama mtu anayekufa.

Alikuja. Nguvu zote tulizojenga zilikuwepo, kifua kinapasua maji. Akanishika mkono, akageuka. Katikati ya njia nikasikia meno yake yanagongana juu ya mkono wangu kwa baridi. Hakuniachia. Miguu ndiyo iliyogoma. Nikamkumbatia, nikaogelea naye mpaka ukingoni.

"Sasa hapo nani kamwokoa nani?" baba mdogo akapaza sauti.

Mama akakunja mwavuli wake. "Mchukue ukimtaka. Hapa hana kazi."

Nilimchukua, na kazi nikaiacha. Sasa tunaishi kwa bibi, juu karibu na msitu, kwenye baridi anayoipenda. "Huyu ni mbwa au dubu?" bibi hunung'unika, kisha anamwekea ugali. Sufu ya chini imesharudi. Ya juu inaota kwa viraka. Kila alfajiri tunapanda, tairi nyuma, na mimi bado naota.

Jumapili iliyopita baba mdogo alikuja kusali huku kwetu. Akanisimamisha nje ya kanisa, mbele ya wazee.

"Kondoo wako hajambo?"

Shikamoo ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza, nikapita.