Kilele Kilichofutwa Pamoja na Maji

Kazini walimwita Bi Mfuta Maji, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake cha fundi maabara. Alishinda katika chumba cha chini na mashine kubwa ya sumaku, akiimba ovyo tangu asubuhi. Watafiti humletea protini iliyoyeyushwa kwenye maji, mashine huisikiliza, na kompyuta huchora grafu ya vilele, kila kimoja alama ya sehemu ya protini. Balaa ni hayo maji. Kwa wingi wake kilele chake hupanda kama mlima, kikavifunika vya protini. Basi yeye huyafuta kwenye grafu, na kwa kufuta hakuwa na mpinzani, mwenyewe akijua hivyo.

Siku hiyo mwanafunzi aliingia macho mekundu. Profesa alikuwa ameikagua grafu yake, akaona kilele kimoja hakipo, akasema protini imeharibika: amwage, aanze upya. Miaka mitatu ya binti wa watu, na umebaki mrija mmoja tu wa protini hiyo.

Fundi aliitazama grafu aliyoisafisha kwa mkono wake. Haikuwa na hata doa. Hapo ndipo alipoanza kujishuku. Je, kama kilele kiliketi palepale penye maji, na yeye kwa usafi wake akafagia vyote?

"Mwanangu, usimwage," akasema. "Huenda nimekifuta mimi."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameyajua maji hayo na vituko vyake. Yakipata joto, kilele chake husogea pembeni, ilhali vya protini kwa kawaida havibanduki. Ila joto likizidi, protini huganda kama yai. Akapandisha digrii moja, akangoja. Akapandisha ya pili. Binti alijifunika uso, akaomba aambiwe tu yakiisha. Kwenye digrii ya nane mlima ulikuwa umejivuta kando. Fundi akaufuta huko ulikohamia, na mahali pake pa zamani kikabaki kilele chembamba, kizima kabisa.

Furaha iliwapanda kichwani. Walikumbatiana, wakacheka mpaka machozi, na fundi akakata kiuno mbele ya sumaku bila aibu.

Profesa akawakuta hivyohivyo. Akaonyeshwa grafu, akaisoma mara mbili. Kisha akaliendea jokofu, akatoa mirija minne ya wanafunzi wengine aliyokuwa ameikataa na iliyokuwa ikingoja kumwagwa, akaipanga taratibu mbele ya fundi.

"Naomba uanze na huu," akasema.