Sukari Niliyoimwaga Kasubi

Mke wangu akitaka kuniaibisha mbele ya wageni huwaambia tu, "Muulizeni habari za sisimizi," nami natafuta mlango, kwa hiyo afadhali niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwake ikiwa imetiwa chumvi.

Ilikuwa wakati wa ule utawala wa wanajeshi, sukari imeadimika Kampala nzima, unapanga mstari tangu alfajiri na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Mimi nilikuwa natengeneza baiskeli Kibuli, nina mchumba, Nakato, na kichwani nilikwisha kuzaa naye timu nzima ya mpira (golikipa nilishampa hadi jina). Basi siku chache kabla ya kwenda kwao Kasubi kujitambulisha, Okello, mwenzangu kazini, akaniambia huku anaziba pancha kwamba sukari inakula nguvu za mwanaume, mbegu zinalala, na uzeeni ile tezi ya chini inavimba mpaka mkojo unatoka kwa matone. Okello si daktari, lakini mtu mwenye mapenzi huamini chochote. Nikaapa kutoigusa sukari mpaka nizae.

Kasubi wakanipokea vizuri. Senga, shangazi yake Nakato, ambaye kwa desturi yao ndiye anayempima mkwe, akaniletea chai iliyokolea sukari.

"Kunywa, mkwe. Hii sukari nimeipigania kwa mabega."

Kukataa siwezi, kunywa siwezi. Nikaomba kwenda haja ndogo, kikombe nikakificha chini ya koti nililovaa juu ya kanzu (kilinichoma, nikatembea kama bata), nikaimwaga chai migombani, nikarudi na kikombe kitupu. Senga akafurahi, akanijazia. Nikaomba ruhusa tena. Akanijazia tena, nikatoka tena, na baba yake Nakato, mzee mkimya, akawa ananitazama kwa huruma nisiyoielewa.

Kisha Senga akaenda kukata jani la mgomba. Aliporudi hakuketi.

"Wazee, huyu kijana mgonjwa. Kila saa yuko nje kukojoa, na pale alipokojoa sisimizi wamejaa kama wamealikwa harusi. Ana ugonjwa wa sukari huyu. Atampa Nakato watoto gani?"

Nakato, aliyepiga magoti mkekani, akainua uso, macho yamejaa machozi. Nikikaa kimya nampoteza; nikisema, nimemwaga sukari ambayo watu wanapigwa virungu kwa ajili yake. Nikayatazama yale macho, nikasema yote, na mbegu, na tezi, mbele ya wazee, doa la chai likionekana kwenye kanzu.

Baba yake Nakato akauliza, "Nani kakwambia sukari inavimbisha tezi?"

"Rafiki yangu, mzee."

"Mwambie mimi usiku kucha nainuka kukojoa, na sukari humu ndani hatujaionja mwaka mzima. Mimi imenivimbisha sukari ya nani?"

Senga akamgeukia polepole. "Kumbe ni kukojoa? Si ulituambia unatoka kusikiliza kama wanajeshi wanakuja?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mzee mwenyewe akajifuta machozi kwa kanzu yake, na Nakato akacheka mpaka akalala mkekani. Senga akanimiminia kikombe kingine.

"Kunywa hapa hapa, nione koo likipanda na kushuka."

Nikanywa. Nikapewa mke.

Baadaye nilimpakia mzee nyuma ya baiskeli mpaka hospitali. Daktari akampima, akasema tezi imekua kwa umri, si saratani, dawa ipo. Nikajikaza nikamuuliza na langu. Akasema kijiko cha sukari kwenye chai hakimmalizi mwanaume, ila kuila kupita kiasi miaka na miaka kunaleta unene na ugonjwa wa sukari, na huo ndio unaoharibu nguvu na mbegu. Kama inaleta saratani ya tezi, hilo hawezi kuliapia.

Tangu hapo, mambo ya chini ya mkanda nampelekea daktari. Na chai ya ukweni nainywa hata ikiniunguza ulimi, nikiwa nimeketi, mikono yote miwili ikionekana.