Kurasa 311 Zilizopotea Bila Kuwapo

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, na Mama Kurasa ameshaulizwa mara tatu: ziko wapi?

Anayeuliza ni afisa wa mali wa mamlaka ya maji. Ana daftari la jalada gumu na vibandiko vyenye namba. Viti vya ofisi hii ameshavibandika, feni ameibandika, hata ndoo ya takataka haikusalimika. Sasa anazitaka kurasa za tovuti.

"Mitaa ni 312, kila mtaa una ukurasa wake," anasema. "Kwenye kompyuta yako nimeona ukurasa mmoja. Hizo 311 umezipeleka wapi?"

Mama Kurasa, jina alilopewa na wenzake kazini, ana miaka 49. Anafumba macho kidogo. "Baba, hazijapotea. Hazijawahi kuwapo."

Hapo ndipo alipojiponza.

Kwenye ukuta wa kila kioski cha maji imepakwa anwani fupi ya tovuti: jina la mamlaka, kisha jina la mtaa, basi. Ukiiandika kwenye simu unaona zamu yako ya maji. Utadhani kuna ukurasa umekaa mahali unakusubiri. Wapi! Programu inalichukua jina la mtaa, inauliza kwenye hifadhi ya taarifa zamu ni saa ngapi, inajaza jibu kwenye fomu moja tupu na kukuletea. Mwingine akiuliza, inajazwa upya.

"Nilimwambia ni kama chai ya kuagiza," anasimulia. "Huwezi kufungua kabati ukahesabu vikombe watakavyokunywa wateja kesho. Akaandika kwenye daftari: chai."

Alianza hapa kama karani wa simu. Kwa siku alipokea simu 200, zote zikiuliza maji yanatoka lini. Alipochoka kujibu akajifunza mwenyewe kutengeneza tovuti, na huu ni mwaka wa sita anaitunza peke yake. Zamu huingizwa na mafundi wa pampu, lakini kitu kikikwama, ni yeye tu anayejua kukikwamua. Miaka mitatu hajaenda likizo.

Safari hii ameomba siku kumi na nne. Binti yake, anayeishi mwendo wa siku nzima kwa basi, amejifungua mtoto wa kwanza, na mumewe yuko kazini mbali.

"Mjukuu wangu ana siku kumi na moja, namwona kwenye simu tu," anasema, na sauti inampanda. "Mwanangu analia, ananiuliza, mama unakuja lini? Nimjibu nini? Natafuta kurasa?"

Fomu ya likizo iko mezani kwa meneja. Hasaini mpaka mali ionekane.

Jumanne meneja anatoa amri: kila ukurasa uhifadhiwe kama faili lake, na anwani za ukutani zifungue mafaili hayo, "yanayoonekana". Mama Kurasa anaonya kwa maandishi kwamba zamu ikibadilika, mafaili hayatajua. Nani amsikilize? Anahifadhi yote 312. Afisa anayahesabu hadi alasiri, anatia tiki, roho yake kwatu.

Jumatano pampu inaharibika. Zamu zinabadilishwa, lakini kurasa zimegandia zamu za jana. Katika mitaa arobaini watu wamepanga ndoo mbele ya mabomba makavu. Kwingine maji yanatoka, wenyewe hawana habari. Hadi saa sita mchana zimeingia simu 460.

Moja ni ya mama mkwe wa afisa wa mali.

"Alinitukana, akanitukana tena," anasema Mama Kurasa. "Nikamwambia, mama, mkweo huyu hapa, ongea naye."

Afisa aliipokea simu amesimama wima. "Ndiyo mama. Nimekosa mama. Ndiyo mama."

Baada ya hapo amri ikaja mbio: rudisha kama zamani. Ilimchukua dakika mbili. Afisa hakuomba radhi. Alikata 312 kwenye daftari, akaandika 1, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi Mama Kurasa yuko ofisini na begi miguuni, ndani yake khanga mbili mpya na nguo za mtoto. Akirudi, anasema, atawafundisha makarani wawili kazi hii, watake wasitake. "Sitaki tena mwanangu azae mimi nikiwa mateka wa kompyuta."

Meneja anaingia na fomu iliyosainiwa. "Siku kumi na nne. Haya, kamwone mjukuu, tupelekee salamu."

Mama Kurasa anashukuru, ananyanyua begi. Meneja bado amesimama mlangoni.

"Ila kabla hujaondoka, mama," anasema kwa upole kabisa, "tuachie kurasa za kutosha mpaka urudi."

Mama Kurasa anatazama saa. Basi linaondoka saa nne.

"Nimewaachia, bosi," anasema. "Nyingi tu."