Maini ya Kuongeza Damu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kusafisha damu nilitetemeka mpaka msimamizi wa wauguzi akanipokonya sindano. "Sista Kadzo," akaniambia, "mashine hii hufanya kazi ya figo, lakini si yote. Fosforasi, yale madini ya chakula yanayojenga mifupa, huitoa kidogo tu. Iliyobaki itatolewa na ulimi wako. Fundisha!"

Basi nikafundisha. Nilitoka hospitali ile nikahamia kliniki karibu na Majengo, wakubwa wakabadilika, somo halikubadilika: fosforasi ikizidi damuni, mwili huwasha, mifupa hudhoofika, mishipa ya moyo hukakamaa. Vidonge vya kuinasa humezwa pamoja na chakula, si kwa maji matupu alfajiri. Soda nyeusi, dagaa, maini, wachaneni navyo. Wagonjwa waliitikia, "Ndiyo, Sista," nami nikilala na wahaka, maana watu wa Mombasa wakati mwingine huitikia kwa heshima tu.

Zuhura, mshonaji wa mtaa wa Kuze, ndiye aliyeninyima raha kabisa. Kila majibu ya damu yakija, fosforasi iko juu. Maskini alijikuna mpaka ngozi ikachubuka. Daktari mkuu akanivuta kando.

"Moyo wake hautahimili. Vidonge anameza?"

"Aapa anameza."

"Basi nenda ukaone anachokula."

Nikapiga hodi mchana. Bi Mkubwa, mamake Zuhura, akanipokea kwa bashasha, na kukataa chakula chake kungekuwa matusi. Tukaketi mkekani, watu watatu, sinia moja. Zuhura akameza vidonge vyake sawasawa. Roho ikanitulia, kisha ikaruka: Bi Mkubwa alikuwa akichambua maini kwa vidole na kuyasogeza upande wa bintiye, tonge kwa tonge, na gilasi ya maziwa kando.

"Kula, mwanangu. Ile mashine yakunyonya damu, nami nairudisha."

Zuhura hakuinua macho. Nani atarudisha tonge la mamake? Hapo nikaogopa zaidi, kwa kuwa niliyepaswa kumfundisha hakuwahi kukanyaga kliniki.

"Bi Mkubwa," nikasema, "damu twamwongezea kwa sindano. Maini haya yana fosforasi nyingi, nayo yamharibia moyo. Samaki kiasi mpe, anahitaji. Maini na maziwa, tafadhali, hapana."

Akanikazia macho. "Yaani mimi ndimi ninayemuua?"

"La hasha! Hukuambiwa. Hatukukuita."

Akanyoosha mkono, akayavuta maini yote upande wake, akaanza kuyala mwenyewe huku machozi yakimtiririka. "Nitayamaliza mimi," akasema. "Asiyaone."

Fosforasi ilishuka, polepole, lakini ilishuka. Tangu hapo sikumfundisha mgonjwa peke yake; nilimwita anayempikia na anayekula naye. Nanyi wauguzi vijana mfanye hivyo, wallahi mtaokoa watu. Mimi nimestaafu, mashine nimewaachia, ila wahaka nimeondoka nao.

Juzi nikapigiwa simu: kuna msiba Kuze, kwa kina Zuhura. Simu ikakatika kabla sijauliza nani. Nilipita vichochoro vile nikiomba Mungu. Mlangoni wanawake walikuwa wengi, wamejitanda buibui. Mmoja akatoka kunipokea, akaniangukia begani akilia.

Alikuwa Zuhura.

"Mama ametangulia, Sista," akasema. "Mimi ndimi niliyemwosha."